Aliyeitikia Jina la Micah

Kibuyu kilikataa kumimina. Chepkemoi alikiinamisha pale langoni, mbele ya mwanawe aliyeshuka garimoshi stesheni ya Rongai asubuhi ileile, akakitikisa, akakipiga kitako kwa kiganja, na mursik, maziwa ya mgando, haikutoka hata tone. Ilikuwa mkesha wa Krismasi, mwaka 1957. Jua la Desemba lilikuwa limekausha mabua shambani, na mbwa walilala kivulini ndimi nje. Alipochomeka kijiti ndani ya kibuyu, kikagonga kitu kigumu.

"Ni barafu, mama," Micah akasema polepole. Alivaa koti zito la sufu na hakutaka kulivua.

"Barafu gani na jua hili? Hayo ni maziwa yangu," Chepkemoi akajibu, akacheka kwa nguvu.

Furaha yake haikuwa ya kuharibiwa na kibuyu. Micah alikaa Uskoti miaka mitatu akisomea ualimu, na tangu Januari barua zilikatika kabisa. Majirani walikwisha kumzika kwa midomo yao. Sasa huyu hapa, mwembamba lakini mzima. Hata hivyo, dada yake Jepchumba, aliyekuja kutoka Subukia na mtoto mgongoni, hakusogea kumsalimu. Alisimama mlangoni akimtazama kaka yake, kisha akamgeuza mtoto mbele na kumtazama usoni.

Chepkemoi alijua binti yake anawaza nini. Kwao, mtoto akizaliwa, bibi wakubwa humtajia majina ya wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na akipiga chafya kwa jina fulani, basi ni huyo amerudi. Mtoto wa Jepchumba alizaliwa Agosti. Akatajiwa babu zake wote, kimya. Akatajiwa shangazi na wajomba, kimya. Ndipo mkunga, bibi kizee Kogo Jepkosgei, akavuta pumzi akasema, "Basi tumjaribu huyo aliyepotelea ng'ambo." Akataja jina la Micah, na mtoto akapiga chafya.

Kama Micah yu hai, nani aliitika siku ile?

Alasiri, Chepkemoi akichuna mbuzi nje, aliita bila kuinua kichwa, "Micah! Niletee kuni."

"Naam, mama," sauti ikajibu kutoka ndani ya nyumba.

Ilikuwa sauti ya mwanawe, ila imekwaruza. Chepkemoi akainua kichwa. Micah alikuwa nyuma yake penye gogo, shoka mkononi, midomo imefungwa, uso umempauka kama majivu. Jepchumba na mtoto walikuwa kule zizini. Ndani hamkuwa na mtu.

"Mwaka jana, Krismasi kama hii, nilipotea njia kwenye theluji," Micah akanong'ona. "Nikaanguka. Nilipolala pale nikasikia mtu anapumua kando yangu, nisimwone. Akaniuliza jina, nikamwambia. Asubuhi wakaniokota, nikalala hospitali miezi mingi. Toka siku hiyo mtu akiniita siitiki, mama. Naogopa tutaitika wawili."

"Na barua?"

"Barua huishia na jina."

Chepkemoi alitaka kumkemea, akashindwa, kwa sababu alimwona mwanawe analia kama alivyolia akiwa na miaka minne.

Kabla hawajanyamaza, Jepchumba alipiga yowe. Alikuwa ameingia kumlaza mtoto, na walipofika mlangoni wakakuta harufu ya sufu mbichi na chuma, na ndani, mchana huohuo, chini ya nyasi za paa ambazo jua lilikuwa likizioka kwa nje, vitu vyeupe vilikuwa vikianguka taratibu, bila sauti, juu ya kitanda na sufuria na nguo mpya za Krismasi, vikijaa bila kuyeyuka, na katikati yake mtoto amelala macho wazi, midomo ya buluu, akitazama juu penye pembe ya paa ambapo kitu kilikuwa kikipumua, kikivuta na kushusha, kikivuta na kushusha, na kila kikivuta kifua cha mtoto kinazidi kutulia.

Wakamtoa nje. Jua halikumpasha joto. Kogo Jepkosgei akaja mbio na mkongojo wake, akasimuliwa habari ya theluji, akamgusa mtoto, akaketi chini pale pale.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilimwita mtu aliye hai kati ya wafu. Mwenyewe hangeweza kuja, akaja aliyelala kando yake. Jua likizama kabla hatujamvua mtoto jina hilo, atakwenda nalo. Na nyumba hii ihameni, mwanangu. Imeshapata mwenyewe."

"Kuhama?" Chepkemoi akasimama wima. "Mzungu wa shamba hili amenifukuza mara mbili, na bado niko. Nimeezeka paa hilo kwa mikono hii. Nitolewe na baridi? Kibuyu kikiharibika, Kogo, tunakitupa?"

"Hatutupi. Tunakichoma ndani."

"Basi!"

Akachukua kijinga cha mti wa senetwet, uleule anaosafishia vibuyu vyake, akakipuliza kikawa chekundu. Akamfunga mtoto kifuani, akaingia. Alianza kuisugua nyumba kama asuguavyo kibuyu, kuta, kona, chini ya kitanda, moshi ukajaa mpaka hakuona mkono wake. Nje, Kogo alianza kutaja wafu upya.

"Naam," kitu kikajibu kutoka juu. Akataja mwingine. "Naam." Kila jina, naam, naam, na kila naam ilikuwa karibu zaidi na sikio la Chepkemoi.

"Micah!" akaita kwa hasira. "Ingia humu ujibu jina lako! Nilikuzaa mimi, nikakuita mimi. Unamwachia nani?"

"Naam, mama," sauti ya paani ikasema kwa upole.

"Si wewe! Micah!"

Mlango ukafunguliwa. Micah alikuwa amevua koti. Meno yanagongana, akasimama katikati ya moshi, na kwa mara ya kwanza tangu theluji ile akaitika. "Naam, mama." Wakaitika wawili. Mama akaita tena, wakaitika wawili, lakini ya juu ilikuwa imepasuka. Akaita mara ya saba, na Micah akajibu kwa kelele hata ng'ombe wakageuka, na akajibu peke yake. Maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye nyasi.

"Kiplangat," Kogo akataja huko nje. Ni jina la marehemu mume wa Chepkemoi.

Mtoto akapiga chafya, kisha akalia, kilio kirefu cha njaa. Wapo wanaosema chafya ile ililetwa na moshi tu. Waseme. Hawakukishika kile kifua kikipata joto.

Siku ya Krismasi walikula mbuzi uani. Jioni, kabla ya kufunga lango, Chepkemoi aliona nje yake majani yamekuwa meupe, mduara mdogo, kiasi cha mtu kulala. Hakukimbia. Aligeuka akaita kwa sauti, "Jepchumba!"

"Naam, mama."

"Micah!"

"Naam!"

"Kiplangat!" Mtoto akaguna mgongoni mwa Jepchumba.

Kisha, kutoka pale penye weupe, sauti isiyo na mwenyewe ikauliza, "Na mimi?"

"Wewe hukuitwa," Chepkemoi akasema, akaumwagia mduara ule jivu la moto, akafunga lango.