Dumu la Nyumba ya Mashine

Jumamosi ilikuwa siku ya maji. Siku za shule Maulida alikwenda kisimani mara moja tu, alfajiri, kabla ya kuvaa sare. Jumamosi alikwenda mara tatu, na madumu mawili ya njano kila safari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi hiyo ilikuwa yake kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Baba yake, Abeid, na mama yake, Hajra, waliwahi shambani kupalilia ufuta kabla jua halijakaza. Bibi Sikuzani alikuwa akiumwa magoti. Mdogo wake, Raudha, alikuwa na miaka minne.

Njia ya kisimani ilipita kando ya nyumba ya mashine. Ndivyo watu wa Mikwajuni, kitongoji kilicho ndani ndani upande wa Magindu, walivyoliita lile jengo la matofali lenye dirisha moja la nondo. Lilijengwa zamani ili mashine ivute maji kutoka ardhini na kuyapeleka kwenye mabomba ya kitongoji. Maji yalitoka mwaka mmoja na nusu. Mashine ikaharibika, ikachukuliwa kwenda kutengenezwa, haikurudi. Baadaye wafugaji wakalifanya stoo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nao siku moja wakahama na mifugo yao kufuata malisho.

Tangu hapo ikasemwa kwamba mle mmeingia shetani. Ukipita ushushe sauti, usimwite mwenzako kwa jina. Bibi Sikuzani alisoma bismillahi mara tatu kila alipolikaribia. Lakini baadhi ya bati za jengo lile ziliezeka jiko la mtu, na mlango wake wa chuma ulifunga zizi la mbuzi la Mzee Mwinjuma, mwenyekiti wa kitongoji. Hakuna aliyeuliza vimefikaje huko. Kila mtu alisema hapaingiliki, na karibu kila nyumba ilikuwa na kitu chake kutoka mle.

Jumamosi hiyo Maulida na wenzake walishindana kuteremsha madumu matupu kwenye mteremko wa kisimani, waone la nani litafika chini kwanza. La Maulida lilitangulia, likagonga jiwe, likapasuka kuanzia kwenye mkono hadi chini. Wenzake walicheka, kisha walipoona uso wake wakanyamaza. Mwezi uliopita alikuwa ameangusha ndoo kisimani, na mama yake alimwambia kwamba kikipotea chombo kingine cha maji, watazungumza vingine.

Alisubiri wenzake waondoke. Akalitupa lile dumu bovu kichakani, akaenda hadi nyumba ya mashine, akachungulia. Hakuona shetani. Aliona popo, kinyesi cha mbuzi, na pembeni madumu manne ya njano yaliyofanana kabisa na ya kwao. Akaingia, akachukua moja. Lilikuwa na karatasi iliyobanduka nusu na ndani yake, chini kabisa, kimaji cheupe kama maziwa. Lilinuka vibaya. Alilisugua kwa mchanga na kokoto, akalisuuza mara tatu, akanusa tena. Harufu ilikuwepo bado, ila kwa mbali. Akajiambia itaisha yenyewe, akalijaza maji.

Nyumbani Bibi Sikuzani alikuwa amelala. Maulida alimimina maji kwenye ndoo ya kunywa. Hapo Raudha akaja mbio kutoka kucheza, jasho linamtoka, akataka maji. Maulida akamchotea kikombe kizima. Mtoto akanywa kidogo, akakunja uso, akasema maji machungu. Maulida akamwambia aache deko, anywe. Raudha akanywa yote.

Haikupita saa moja. Raudha alianza kutema mate, mengi, yakimlowesha kifua. Akatapika. Mikono ikaanza kumtetemeka na jasho likamwagika kama mtu aliyetolewa mtoni. Maulida alimwamsha bibi, bibi akapiga kelele ya kuita watu, na Abeid na Hajra waliporudi kutoka shambani wakakuta uani wamejaa majirani.

Bibi Sikuzani hakuwa na shaka. Jana yake Raudha alikuwa akikimbiza vitoto vya mbuzi karibu na nyumba ya mashine, basi amepitiwa na yule yule aliyempitia Ally. Ally alikuwa mtoto wa jirani, mwenye miaka miwili. Wiki tatu nyuma alitokwa na mate na kutetemeka vile vile, wakamfukizia ubani mchana kutwa, na magharibi wakamzika. Majirani waliitikia kwa vichwa. Mmoja alikwisha tumwa kumwita mganga.

Mama Ally alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya msiba. Alisema neno moja tu, akimtazama Hajra. "Mpeleke zahanati. Mimi sikumpeleka wangu."

Hajra hakungoja. Abeid alimpata Sadick wa bodaboda, na kwa kuwa Maulida ndiye aliyekuwa na mtoto ugonjwa ulipoanza, alipandishwa nyuma ya mama yake, Raudha akibanwa katikati yao. Njia nzima Maulida alisikia kifua cha mdogo wake kikikoroma kama maji kwenye mrija. Alitaka kusema. Akajiambia atasema wakifika.

Pale zahanati, Daktari Laurensia alimlaza Raudha kitandani na kummulika machoni. Aliita muuguzi. Alimuuliza Hajra mtoto amekula nini, Hajra akajibu ni uji wa asubuhi, ule ule waliokunywa wote. Akauliza kama nyumbani kuna dawa ya panya, ya mimea au ya mifugo. Hajra akaapa kwamba hawana ng'ombe wala dawa.

"Mboni za macho zimesinyaa, mate hayakatiki," daktari alisema. "Mimi naona sumu. Ninayo sindano ya kuzuia sumu ya aina hiyo, lakini nimebakiwa na vichupa vichache, na nikikosea nitaudhuru moyo wake. Lazima nijue."

Hajra akarudia kwamba mtoto hakugusa sumu yoyote, na kwamba nyumbani wanasema ni shetani. Maulida alisimama ukutani. Alifikiria dumu lililopasuka, akaona jinsi lilivyo kitu kidogo, na bado mdomo haukufunguka. Kisha Raudha akavuta pumzi, ya pili ikachelewa kuja. Muuguzi akamgeuza ubavu haraka.

"Ni maji," Maulida alisema. "Nilichotea kwenye dumu la nyumba ya mashine. Lilikuwa na kitu cheupe. Alisema machungu, nikamlazimisha."

Mama yake aligeuka kumtazama kama mtu asiyemfahamu. Daktari hakugeuka. Aliuliza lile jengo liliwekwa nini, Maulida akasema dawa ya ng'ombe, na tayari sindano ilikuwa mkononi mwa daktari. Alichoma, akangoja, akachoma tena. Alimwagiza muuguzi amvue mtoto nguo zote zilizolowa matapishi na kumwosha kwa sabuni. Kwa Hajra alisema, bila kupandisha sauti, apige simu nyumbani sasa hivi, mtu yeyote asinywe maji yale. Abeid alipopokea, Bibi Sikuzani alikuwa ameshateka maji ya ile ndoo na kuyabandika jikoni kwa ajili ya chai ya wageni; Abeid akayamwaga yote.

Gari la wagonjwa liliwachukua kwenda Mlandizi. Raudha alikaa kituo cha afya siku tano. Siku ya kwanza na ya pili hakuna aliyemwambia Hajra kwamba mtoto atapona, na Hajra hakusema chochote kwa Maulida, si kwa ukali wala kwa upole. Kimya hicho kilimuumiza kuliko fimbo. Siku ya tatu Raudha aliomba uji. Miguu ilikuwa bado dhaifu, ikabidi ashikwe kama mtoto anayeanza kutembea.

Waliporudi, Daktari Laurensia alikuja Mikwajuni pamoja na afisa mifugo. Mzee Mwinjuma aliitisha mkutano. Afisa mifugo alieleza kwamba alichokikuta katika yale madumu matatu yaliyobaki ni masalia ya dawa ya kuulia kupe, na kwamba dawa ile hutumiwa kwa vipimo vya matone, si ya kukaa karibu na maji ya mtu. Kisha akauliza nani mwingine amechukua dumu mle.

Watu walitazama chini. Mmoja akasema pale hapaingii mtu, panaogopwa. Wengine wakamuunga mkono.

Daktari akamtazama Maulida, akamwambia si lazima. Maulida akasimama hata hivyo. Alieleza yote: mashindano ya madumu, kuogopa kusemwa, harufu aliyoisikia na kuipuuza, kikombe. Alipofika kwenye kikombe alilia, lakini alimaliza.

Mama Ally akainuka. Alitoka mkutanoni, watu wakadhani amezidiwa na uchungu. Alirudi na dumu la njano, akaliweka chini mbele ya afisa mifugo. Lilikuwa na karatasi ile ile.

"Baba Ally alilileta," alisema. "Siku hiyo hiyo niliyolitumia kuchotea maji ndiyo mwanangu aliyoanza kuumwa. Sisi wengine tuliumwa vichwa siku tatu. Tulidhani ni kulia sana."

Mumewe, Faraji, alijifunika uso kwa mikono. Kwanza aliondoka mwanamke mmoja, halafu mzee mmoja, halafu wawili kwa pamoja, na kila mmoja alirudi na dumu. Yalifika sita. Mzee Mwinjuma alisema, kwa sauti ndogo isiyo ya mwenyekiti, kwamba mlango wa chuma uko kwake, na kwamba ataurudisha kesho.

"Mlisema nyumba ile inaua watoto, na hamkusema uongo," Daktari Laurensia aliwaambia. "Mlichokiogopa ni kuuliza inaua kwa kitu gani, kwa sababu jibu lingeonyesha nani ameingia." Madumu yalitobolewa mbele ya macho yao, yakapakiwa garini. Wiki iliyofuata mlango ulirudishwa, ukafungwa kwa kufuli, na dirisha likazibwa kwa matofali.

Asubuhi moja baada ya hapo Mama Ally alikuja kwa kina Maulida. Maulida alipomwona alitaka kujificha nyuma ya jiko, lakini mama yake akamwambia akae. Akamwamkia. Mama Ally akaitikia, akaketi kwenye mkeka.

"Wiki zote zile nilikuwa najiuliza nimemkosea nani," alisema. "Nilimshuku wifi yangu. Nilimshuku hata mama yako. Sasa najua, na kujua kwenyewe kunaniuma sana. Lakini Hamisa wangu ana miaka saba, na dumu lile lilikuwa bado kwangu. Ungenyamaza, angekuwa anayanywa maji yake mpaka leo."

Maulida alisema kwamba alichelewa kusema.

"Ulichelewa," Mama Ally alijibu, "na mdogo wako ameteseka kwa hilo, usijidanganye. Ila sisi watu wazima tulichelewa zaidi yako, na mimi nilizika. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utachapwa. Kuchapwa kunapoa."

Hajra, aliyekuwa akichambua mchicha, aliuweka ungo pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alimvuta Maulida karibu naye, akamkalisha, akamkabidhi nusu ya fungu la mchicha. Raudha alitoka ndani akijishikilia ukutani, hatua moja, kisha nyingine, na wote watatu wakaacha walichokuwa wakifanya wakamtazama mpaka alipofika mkekani.