Ufunguo wa Marthese

Siku tangazo lilipobandikwa kantini ya uwanja wa ndege, watu walibanana hadi meza zikasogea. Shirika letu la ndege la taifa litafungwa baada ya wiki chache, kesho yake litaanza jipya, na si wote watakaochukuliwa. Wengine walilia, wengine walitukana. Katika kusukumana huko kahawa ya Nazzareno, fundi wa ndege, ikamwagikia sketi ya Marthese.

"Sketi yangu jamani!"

"Samahani, dada. Nitaifua."

"Utaifua na grisi hiyo mikononi?"

Kweli, ovaroli ya fundi yule ilinuka mafuta ya ndege. Marthese, mhudumu wa ndege kwa miaka kumi na minne, alivaa kitambaa chekundu shingoni, nywele zimebanwa hazina hata unywele mmoja wa ubishi. Alikusudia kununa, akacheka. Jioni ile walikula pastizzi, sambusa za jibini, wakiwa wima barazani Rabat, mji wa hapa hapa kisiwani kwetu, makombo yamejaa kifuani. Wiki ya pili Marthese akawa anamwita "Reno wangu". Mapenzi ya watu wenye hofu huenda mbio, acheni tu.

Marthese aliishi kijiji cha Siġġiewi na mama yake, Ċensina. Mchana kutwa ufunguo wao ulikaa mlangoni kwa nje, kama milango mingine ya mtaa ule. Ukifika unazungusha, unaingia. Anayegonga ni mgeni, au mtu wa serikali.

"Wewe polisi?" Ċensina alimfokea Reno siku aliyogonga. "Zungusha uingie!"

Reno alijiona kaoa tayari.

Ikabaki orodha ya watakaochukuliwa. Kila asubuhi Marthese alipita kantini kuangalia kama imebandikwa. Hapo kantini, siku moja, mwenzake kazini Doreen akamvuta pembeni.

"Shoga, mbona huniambii Reno anakwenda Doha? Kapata kazi huko. Barua nimeiona kwa macho yangu, na tarehe ya kusafiri."

Baba yake aliondoka na ndege za shirika hili hili, kwanza London, kisha Melbourne, akisema atarudi Krismasi; hakurudi. Marthese alikuwa na miaka sita. Ukweli tuuseme: alivaa sare ile akitumaini siku moja atamkuta kwenye kiti cha abiria.

Akapiga simu. "Reno, huna la kuniambia?"

"Ninalo. Nimekukumbuka."

"Basi?"

"Basi, mpenzi. Kuna nini?"

Akakata. Alipofika nyumbani akauchomoa ufunguo mlangoni. Hata siku ya msiba wa bibi haukuchomolewa; sasa mtaa mzima uliona.

Reno alikuja na keki ya jibini mkononi, akakuta tundu tupu. Hakuthubutu kugonga. Akapiga simu akiwa pale pale kizingitini.

"Mpenzi, ufunguo uko wapi?"

"Doha."

"Nani kakwambia?"

"Si wewe."

"Niliomba kabla sijakufahamu, Marthese. Wamenijibu juzi. Niliogopa kukuambia."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema niende."

Neno hilo lilikuwa limeshafika ulimini. "Nenda," akasema, kisha akajifungia chumbani akalia mpaka mama yake akaacha kumwita.

Jumanne orodha ikatoka. Jina la Marthese lilikuwemo. La Reno halikuwemo. Nani sasa angebaki kisiwani bila kazi? Marthese alimpigia siku tatu mfululizo, simu imezimwa. Akajua kaenda.

Ndege ya mwisho ya shirika ilirudi nyumbani kutoka Catania mchana. Abiria walipiga picha, rubani akatangaza kwaheri kwa sauti iliyokatika. Ndege iliposimama, Marthese alisogea mlangoni kuufungua, akachungulia kidirishani. Chini, fundi mwenye vidude vya masikioni alikuwa anachomeka pini ya usalama yenye utepe mwekundu kwenye gurudumu la mbele. Reno!

Alishuka ngazi kofia imekaa upande.

"Ndege yako ya Doha ilikuwa jana!"

"Ndiyo. Nimeisindikiza mwenyewe, hapa hapa chini. Nikawapungia mkono."

"Kesho huna kazi, Reno. Una wazimu?"

"Kidogo."

"Na simu?"

"Niliizima. Ungesema niende mara ya pili, ningekwenda."

Marthese alimpiga kofi la begani, machozi yanamtoka. "Fala wewe! Basi nioe. Angalau nyumba itakuwa na mshahara mmoja."

"Unaniposa mbele ya wapakia mizigo?"

"Nijibu!"

Reno akajipangusa grisi mikononi. Kutoka juu rubani alikuwa anamwita. "Niimalize kwanza hii ndege," akasema, akageuka.

Hiyo ni ndiyo au hapana? Njia nzima ya Siġġiewi Marthese alijiuliza. Alipofika akautoa ufunguo kwenye droo, akauchomeka mlangoni kwa nje, akakaa kwenye ngazi ya ndani na sare yake ya shirika ambalo kesho halipo.

"Atakuja?" Ċensina aliuliza kutoka jikoni.

"Sijui, mama."

Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Marthese akabana pumzi.

Kisha ufunguo ukazunguka.