Nyoka wa Simeo

— Usimguse, Lea. Sumu ya nyoka si ya kuchezea.

— Bibi Filomena, tumetembea siku mbili kutoka Korogwe. Nisimshike hata mkono?

Chini ya blanketi, mimi marehemu mtarajiwa nilibana pumzi. Nyoka hakuwepo. Ilikuwa mwaka 1911, nina miaka kumi na tisa, nimerudi kwetu Handeni likizo kutoka shule ya bweni ya misheni, na nilitaka kujua kama Lea ananipenda. Nikaliandikia kanisa la Lea na bibi yake huko Korogwe: "Mwombeeni Simeo, ameumwa na nyoka." Nilitegemea machozi kidogo, nipate kucheka.

Lea akapiga magoti.

— Bwana, leo kanisa zima siku ya tatu halijala. Hata mzee Mdoe na kikohozi chake amefunga. Mponye Simeo. Akipona akamwoa Paulina, sawa, mponye tu. Mimi sijiombei kitu.

Nikaketi.

— Amepona! — Bibi akapiga kigelegele.

— Shikamoo, Bibi. Hakukuwa na nyoka.

Kigelegele kikakatika. Kutoka kwenye blanketi langu kikaanguka kipande cha mhogo wa kuchoma, kikabiringika hadi miguuni mwa wanawake wawili wenye njaa ya siku tatu.

Lea aliutazama mhogo, si mimi.

— Mzee Mdoe hajala, Simeo.

— Nisamehe.

— Mimi labda nitakusamehe njiani. Wao utawaomba mwenyewe.

Nikawafuata hadi Korogwe, mzigo wa Bibi kichwani. Siku mbili Lea alitangulia mbele. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, nikasema yote, mhogo ukiwemo. Mzee Mdoe akakohoa mpaka akamaliza.

— Kwa hiyo hukufa?

— Sikufa, mzee.

— Basi tuliomba vizuri. Kaa chini.

Bora angenichapa.

Nje, Lea alinisubiri.

— Na Paulina?

— Nilikutania tu kuhusu yeye, wakati wa Krismasi. Ni wewe, Lea. Siku zote ni wewe.

— Ungeniuliza, mjinga wewe. Ningekujibu bila nyoka.

Baadaye, Jumapili moja, ndoa yetu ilitangazwa kanisani. Kisha ikasomwa barua: mtu wa Mkata, anaumwa sana, anaomba maombi. Kanisa zima likageuka kunitazama mimi.

Lea peke yake hakugeuka. Alikuwa ameshapiga magoti.

Nikapiga magoti kando yake, masikio yakiniwaka, nikamwombea mtu wa Mkata. Sikujiombea kitu.