Aliyeonyeshwa Nyumbani

Anayetaka kubisha aende Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, aulizie kwa Nurdine fundi simu. Nyumba bado ipo, uzio wa makuti na mlango wa bluu. Nurdine ni mtoto wa shangazi yangu, na habari hii kaisema kwa kinywa chake mwenyewe, mtu ambaye siku zote hutucheka sisi waoga.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Kuku wanaparura uani, mama yake, Bi Zuleica, kapanda gari kwenda Palma, na Nurdine kajikalia kwenye kipenu na chuma chake cha lehemu, kakiunga na betri ya sola. Mbele yake ipo droni. Aliiunda mwenyewe kwa vipande vilivyovuka Ruvuma kutoka Mtwara, na asikudanganye mtu, ilikuwa inawafukuza kunguru hewani mpaka wakahama mtaa. Ila ilikuwa na kilema kimoja: haikujua kwao. Ikipotewa na mawasiliano ya rimoti, ndiyo imekwenda.

Na Senhor Venâncio, bwana shamba aliyeletwa na serikali kutoka Zambézia, alishasema. Alitaka kuitazama kwa juu minazi inayokauka, lakini si kwa droni ya kubahatisha.

"Mestre Nurdine, mimi nataka inayorudi yenyewe," alimwambia; mestre kwao ndiyo fundi. "Ya kwanza ilitoroka. Mpaka leo mkubwa wangu akiniona anatazama juu."

Kwa hiyo siku hiyo Nurdine alikuwa anaifungia GPS, ya kuijulisha mahali ilipo kwa kusoma setilaiti. Kidude chenyewe cha mraba, kama biskuti, na juu yake kimechorwa mshale ambao lazima uangalie mbele. Waya wa kusemea wa GPS unaungwa kwenye sikio la bodi, ubongo wa droni, na waya wa mdomo wa bodi unaungwa kwenye sikio la GPS. Ukivipanga mdomo kwa mdomo, vinabaki mabubu. Nurdine aliunga, akafungua kompyuta, taa ikaanza kupepesa. Vikazungumza.

Chumbani, nyuma ya ule mlango wa bluu, mkewe Alima alikuwa amelala na Sadique, mtoto mchanga, bado wako ndani ya arobaini. Watoto wawili waliomtangulia hawakuifikia arobaini. Baada ya kumzika wa pili, Bi Zuleica alimleta mganga kuizindika nyumba, na fingo la kuilinda likazikwa uani. Mahali gani, mwanamume wa nyumba haambiwi. Ndiyo desturi: asiyejua hawezi kulaghaiwa akasema. Nurdine hakuuliza. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu duniani, huyu wa tatu akue.

Sasa ndani ya ile GPS kuna dira, na dira lazima ifundishwe. Unaishika droni mkononi, unaizungusha kifudifudi, chali, ubavu, kama mama anayemtafutia mtoto alipoumia. Nurdine akazungusha. Dira ikakataa. Akazungusha tena. Kwenye kompyuta mshale unayumba kama mlevi wa pombe ya uraka, kisha unageuka wenyewe na kutazama chini.

Alijua dawa yake: hama, kaa mbali na chuma. Lakini ahame aende wapi? Askari walishatoa amri kifaa kile kisitoke nje ya uzio kabla Senhor Venâncio hajafika na ruhusa yake. Akaanza kutembea nacho hapo hapo uani, akitazama mshale. Karibu na mlango wa Alima ukasimama wima, ukatetemeka. Kuna chuma hapa, akasema moyoni. Labda nondo ya wajenzi. Akachukua jembe.

Halikuwa nondo.

Kilikuwa chungu kidogo, mdomo umefungwa vitambaa vitatu, cheupe, chekundu na cheusi. Ndani vilicheza vyuma, misumari huenda. Shingoni kimepigwa kufuli, imefungwa, na pa kuingizia ufunguo pamezibwa kwa nta. Nurdine akabaki amechuchumaa. Alijua ameshika nini.

Mwingine angerudisha mchanga na kusoma dua. Yeye akatazama jua, akamkumbuka bwana shamba ambaye sasa hivi atapiga hodi, akajiambia: kitambo kidogo tu, mama hatajua. Akakiweka chungu nje ya uzio, kwenye jalala la majivu.

Dira ikatulia pale pale, kama mtu aliyeondolewa mkono begani.

Senhor Venâncio alifika akitafuna muhogo wa kuchoma. Jua lilikuwa utosini, ile saa ya katikati ambayo hata sala hairuhusiwi, watu wako majumbani na njia nyeupe tupu. Setilaiti zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta, moja, moja, kisha kwa kundi.

"Inangoja nini?" akauliza Venâncio.

"Inangoja kujua kwao. Nikiwasha mapanga ya kurukia, hapa iliposimama ndipo itapaandika kuwa nyumbani. Popote itakapokuwa, nikibonyeza, inarudi hapa."

"Na wewe? Ukipotea nani anakubonyeza?"

"Mama Sadique. Ana sauti ya kutosha."

Venâncio akacheka. Nurdine akavaa miwani yake ya kurushia, mikubwa kama ya mchomelea vyuma, inayomwonyesha kila kinachoonwa na kamera. Akawasha mapanga. Kwenye kona ya picha pakatokea alama ya nyumba.

Droni ikapanda. Ikapita juu ya minazi, vichwa vya manjano, vingine havina kichwa kabisa. Ilipofika mbali Nurdine akaachia vidole, akabonyeza kitufe cha kurudi. Mshale ukageuka. Droni ikaelekea nyumbani bila kushikwa, na yeye kifua kimejaa.

Uani pakaonekana kwa juu. Kipenu. Senhor Venâncio na muhogo wake. Yeye mwenyewe, na ile miwani.

Na mwanamke.

Alikuwa amesimama ndani ya shimo. Amejitanda kaniki, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta alichoangusha.

Nurdine akavua miwani. Uani hakuna mtu. Shimo, jembe, kuku.

Akavaa. Mwanamke ametoka shimoni. Ameelekea mlango wa bluu.

Akavua. Hakuna mtu. Lakini kuku walikuwa wanapisha. Wanajigawa huku na huku, taratibu, kama kila siku anapopita Bi Zuleica.

"Senhor Venâncio," akanong'ona. "Pale mlangoni yupo nani?"

"Hakuna mtu, mestre. Kuku tu."

"Kuku wanampisha nani?"

Venâncio akaacha kutafuna.

Nurdine akamtupia miwani, akakimbia. Akauzunguka uzio mpaka jalalani. Chungu kipo. Vitambaa vipo, mafundo vile vile. Kufuli ilikuwa inaning'inia wazi, na nta haijaguswa.

Akaibana kwa vidole, ikakataa kufunga. Akarudi nacho mbio hivyo hivyo. Venâncio amesimama palepale na miwani usoni, mikono imeganda hewani.

"Mlango umefunguliwa," Venâncio akasema polepole.

Nurdine akatazama. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Ameinama. Anavua viatu." Kisha akarudi nyuma hatua moja. "Ameingia, mestre."

Nurdine akakitupa chungu shimoni, akakifukia kwa mikono, kwa magoti, kwa kifua. Juu yake droni ikapoteza dira. Ikazunguka, ikazunguka, ikaanguka kwenye makuti. Mapanga yakanyamaza. Ndipo aliposikia, nyuma ya mlango, sauti ya mwanamke asiyemjua ikimbembeleza mtoto.

Akasukuma mlango. Sauti ikakatika.

Alima ameketi kitandani, mgongo ukutani. Sadique yuko mapajani, macho wazi, halii. Nurdine akaweka mkono kifuani pa mwanawe. Kifua kinapanda, kinashuka.

"Nani alikuwa humu?" akanong'ona.

"Hukumwona? Si umemleta wewe, Baba Sadique." Alima naye alikuwa ananong'ona. "Mtu mzima mmoja, mpole. Nikamwuliza, shangazi, umetoka wapi? Akaniambia siku nyingi alikuwa anaitafuta nyumba hii haioni. Leo mumeo ndiye kamwonyesha nyumbani."

"Amemgusa mtoto?"

"Hakumgusa. Amemnyoosha tu kwa macho, mtoto akanyooka. Kisha akampima."

"Kampima nini?"

"Urefu. Kwa uzi. Utosini mpaka kisiginoni."

Nurdine akakaa chini sakafuni. Kwetu sisi, anayepimwa kwa uzi hali amelala ni maiti peke yake, na kipimo hicho hupelekwa kwa wachimba kaburi.

Bi Zuleica aliporudi alikuta shimo limefukiwa vibaya na mwanawe ana mchanga mpaka kwenye nyusi. Hakumgombeza. Aliingia chumbani, akainua godoro, akapapasa, akatoka na uzi mweupe wa pamba, umepigwa fundo ncha moja. Akaulaza kando ya mjukuu wake. Ulikuwa sawasawa naye.

"Kauacha," akasema. "Asingeuacha kama alikuwa amemaliza."

Uzi waliutia kwenye kopo la maziwa, mfuniko wakaupiga lehemu, kazi ya mkono wa Nurdine mwenyewe, na kopo likatundikwa darini. Arobaini ikapita. Sadique akatambaa, akasimama, akatoka mbio. Bi Zuleica alipotaka kujua uzi umekuwaje, walilifungua kopo wakaunyoosha uzi kando ya mtoto. Utosini mpaka kisiginoni. Ulikuwa umerefuka naye, humo humo ndani ya bati. Tangu hapo kila mwezi ukiandama wanalifungua, wanapima, wanaliziba tena, na kila mara uzi na mtoto wako sawa.

Mwezi huu walipofungua, uzi haukuwa umeongezeka hata unywele. Wakamsimamisha Sadique ukutani, penye alama ya kimo chake cha mwezi uliopita.

Naye hakuongezeka.