Majalada Matano ya Radi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, Placide alivuka barabara ya Nyawera mbio bila kuangalia pikipiki, akasimama mlangoni kwa Madeleine akihema.

"Maman Madeleine, kuya uone. Mulango ya biro ya timu iko wazi."

Madeleine ndiyo kwanza alikuwa anapanga viti. Duka lake lilikuwa la kuchapa barua na kutoa nakala, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaandikia watu wa mtaa huo maombi ya kazi, mashtaka ya viwanja na mialiko ya harusi. Miaka yote hiyo alikuwa shabiki wa Radi, timu ambayo ofisi yake ilitazamana na duka lake. Alikaza kitenge kiunoni, akamfuata Placide, mlinzi wa ofisi hiyo.

Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kizingiti cha saruji kufuli lilikuwa limelala, upinde wake umekatwa. Ndani, vikombe vilikuwa mahali pake, mipira ndani ya wavu wake, televisheni ukutani. Kabati moja tu lilikuwa limefunguliwa, na rafu moja tu ilikuwa tupu: ile ya majalada ya wachezaji wapya.

"Usiguse kitu," Madeleine alimwambia. "Wewe ulilala wapi?"

"Kwa baraza ya jirani, maman. Mvua ilinifukuza tangu saa mbili. Sikusikia kitu."

Madeleine alishusha pumzi. Alijua balaa hili litamwangukia nani.

Jana yake Radi walikuwa wamefungwa matatu kwa sifuri, na si mara ya kwanza msimu ule. Uongozi ulikuwa umewaachia waende zao vijana watatu waliolelewa na timu, akiwemo Ulrich, mshambuliaji kutoka mtaa wa Kadutu aliyekuwa akipendwa kuliko wote. Mahali pao wakaletwa wanaume watano wasiojulikana na mtu, waliokimbia kama watu waliobeba magunia. Mashabiki waliuliza: hawa wametoka wapi? Nani aliwapendekeza? Walidai majalada yao yasomwe hadharani kwenye mkutano mkuu, Alhamisi saa tisa mchana. Na Jumapili, baada ya mechi, mwenyekiti wa mashabiki aliyeitwa Aloys, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, alipanda juu ya ukuta wa uwanja akasema maneno ambayo watu mia mbili waliyasikia: "Kama habatuonyeshe hizo dosie, tutazichukua sisi wenyewe."

Saa tatu kamili polisi walifika. Mpelelezi Raphaël, mtu mtaratibu mwenye daftari lisilomtoka mkononi, aliandika kila kitu. Rais wa timu, mzee Jacques, alimwambia waziwazi: "Wachezaji wapya ni watano, dosie zao ni tano, na zote zimeenda. Muende kwa Aloys." Saa nne na nusu polisi walikuta msumeno wa chuma kwenye karakana ya Aloys, kama ambavyo wangeukuta kwenye karakana ya fundi yeyote, wakamchukua.

Habari ilizagaa Nyawera kabla jua halijafika utosini. Watu walijaa mbele ya ofisi, na mtu aliyepanda ngazi kuwatuliza alikuwa Fabien, mfanyabiashara wa maharagwe na makamu wa rais. Mashabiki walimpenda Fabien. Ndiye aliyekuwa akisema redioni kwamba timu inauawa na watu wasiojua mpira, na wengi walisema Alhamisi watamchagua yeye ashike nafasi ya Jacques.

"Bandugu," Fabien alisema, "tusidanganywe. Mutu anaiba dosie ine, anaacha televisheni, na tunaambiwa ni Aloys? Nani alikuwa anaogopa hizo dosie zisomwe? Mimi sitaji jina."

Hakuhitaji kulitaja. Watu walipiga makofi, wakaanza kuimba jina la Jacques kwa kejeli. Madeleine naye alipiga makofi. Moyoni mwake kesi ilikuwa imekwisha: mwizi ni Jacques, kilichobaki ni kumnasa.

*

Jumanne saa sita, Madeleine alipeleka bugali na samaki wadogo wa sambaza kwenye mahabusu ya polisi. Aloys alikula, kisha akanawa vidole.

"Maman, uliona hiyo kadena kwa macho yako?"

"Niliiona. Imekatwa."

"Na chini yake, kwa simiti, uliona unga wa chuma?"

Madeleine alifumba macho akakumbuka kizingiti. Saruji ilikuwa safi, imelowa kidogo pembeni tu.

"Hapana. Hakukuwa kitu."

"Njo ile," Aloys alisema. "Ukikata kadena nene na msumeno, unga unamwangika kama chumvi. Mvua haikuingia pale, iko paa. Hiyo kadena habaikukatia pale mulangoni."

Madeleine alirudi Nyawera kwa miguu, akiligeuza jambo hilo kichwani. Ikiwa kufuli halikukatiwa mlangoni, basi mwizi alilitoaje pale?

Saa tisa kasoro robo alikuwa mbele ya meza ya Raphaël, na pamoja naye alikuwa Anaclet, katibu wa timu, aliyekuwa ameshuka dakika chache tu kutoka kwenye gari la Nyangezi. Alikuwa kwenye matanga ya mjomba wake tangu Jumamosi mchana, viatu vyake bado vina udongo wa kule.

"Papa Raphaël," Madeleine alisema, "naomba kitu kidogo. Anaclet ajaribu ufunguo wake kwa hiyo kadena."

"Kadena imekatwa, maman. Ufunguo wa nini tena?"

"Upinde njo ulikatwa. Tundu la ufunguo bado nzima."

Raphaël alilitoa kufuli kwenye mfuko wa ushahidi. Anaclet aliingiza ufunguo wake. Uliingia nusu, ukakwama. Aliugeuza upande wa pili, akajaribu tena. Haukuingia.

"Hii si kadena yetu," Anaclet alisema polepole. "Inafanana nayo, lakini si yetu."

Mpelelezi aliweka kalamu chini. Haikuhitaji maelezo marefu. Mwizi alikuwa na ufunguo. Alifungua kufuli la kweli bila kelele, akaondoka nalo, akaacha pale kufuli jingine alilolikata mapema mahali pengine, ili watu waone msumeno na wamfikirie fundi.

"Nani iko na ufunguo?" Raphaël aliuliza.

"Ni tatu tu," Anaclet alijibu. "Mimi, mzee Jacques na Papa Fabien."

"Wewe ulikuwa wapi Jumapili?"

"Kwa matanga. Padri mwenyewe aliniona, na watu hamsini."

Madeleine alikuwa tayari kulitaja jina la Jacques, lakini Anaclet alimgeukia kwanza.

"Maman, ile bahasha niliacha kwako Jumamosi, ulishafanya nakala?"

"Bado. Umeme ulikatika wewe ukiwa bado umesimama mbele yangu, na haujarudi mpaka leo. Iko kwa tiroir ya meza yangu, sijaifungua. Iko na nini?"

"Dosie ya Guy, yule mushambuliaji mupya. Nilitaka zote tano zifanyiwe nakala kwa ajili ya mkutano. Nikaanza na hiyo moja."

Nje pikipiki zilipita. Madeleine alijikuta amekaa kwenye kiti bila kukumbuka kukivuta.

"Kwa hiyo, Jumapili, ndani ya kabati kulikuwa ngapi?"

"Ine. Tano kutoa moja."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mutu. Nilitoka kwako, nikapanda gari. Kule kwa mjomba hakuna rezo, simu haishike."

Raphaël alifungua daftari lake ukurasa wa Jumatatu. Hapo alikuwa ameandika kwa mkono wake: majalada matano, kwa kauli ya rais Jacques. Lakini Madeleine hakuwa akimfikiria Jacques tena. Alikuwa akisikia sauti nyingine, sauti tamu aliyoipigia makofi yeye mwenyewe.

"Tuende tukafungue hiyo bahasha," alisema.

*

Alhamisi saa tisa mchana ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa hadi madirishani. Kwenye meza kuu walikaa Jacques, Fabien na Anaclet. Jacques alizomewa alipoingia. Fabien alipigiwa vigelegele, akainua mkono kama mtu aliyekwisha kushinda.

Madeleine aliomba neno. Alivaa jezi ya Radi juu ya kitenge, na mkononi alishika bahasha ya kaki. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi hivyo.

"Papa Fabien," alianza, "samahani, niko na swali moja tu. Jumatatu, mbele ya biro, ulituambia ziliibwa dosie ngapi?"

Fabien alitabasamu. "Maman, sisi wote tunajua. Zote."

"Ulisema ine," sauti ya mwanamke ilitoka katikati ya ukumbi. Alikuwa Bintu, muuza vitenge. "Nilikuwa mbele yako kabisa."

"Ine," watu wengine wakaitikia.

"Basi ine, tano, ni ulimi tu," Fabien alisema. "Mutu akiwa na hasira hahesabu."

"Wachezaji ni watano," Madeleine alisema. "Mzee Jacques alisema tano. Polisi waliandika tano. Mimi pia nilijua tano. Kila mutu mwenye hakufungua ile kabati alijua tano. Lakini Jumapili ndani yake kulikuwa ine, kwa sababu ya tano ilikuwa kwangu dukani, ikingoja umeme. Wewe ulijuaje?"

Tabasamu la Fabien halikutoka, ila lilikauka. "Anaclet aliniambia."

"Mimi?" Anaclet alisimama. "Mimi nilikuwa Nyangezi, Papa Fabien. Tuliongea wapi?"

Madeleine alifungua bahasha. Alisoma kwa sauti ileile aliyozoea kuwasomea wateja barua zao kabla hawajazitia sahihi, neno kwa neno, bila haraka.

"Jina, Guy. Miaka: thelathini na ine. Sisi tuliambiwa ishirini na tatu. Daktari anaandika: goti la kuume limeharibika, asicheze. Chini yake kuna mwandiko mwingine: achukuliwe hivyo hivyo. Mwenye kupendekeza: Fabien, makamu wa rais, na sahihi." Aligeuza ukurasa. "Na hapa wanauliza, akiumia nani aitwe. Ameandika: shemeji yangu Fabien."

Mngurumo ulianzia nyuma ya ukumbi ukaja mbele kama mvua inayovuka ziwa. Jacques aligeuka akamtazama makamu wake, mdomo wazi.

"Karatasi inaweza kuandikwa na mutu yeyote," Fabien alisema. Sasa jasho lilionekana kwenye paji lake. "Huyu maman kazi yake ni kuchapa makaratasi. Aichape na hiyo."

Saa tisa na dakika arobaini mlango wa pembeni ulifunguliwa. Raphaël aliingia na hati ya upekuzi mfukoni, askari wawili nyuma yake. Aliweka juu ya meza majalada manne, yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kisha akaweka kando yake kufuli zima.

"Dosie zilikuwa chini ya magunia ya maharagwe, kwa depo ya Papa Fabien," alisema. "Kadena ilikuwa inafunga mulango wa depo hiyo hiyo. Anaclet, leta ufunguo wako."

Ukumbi mzima uliinuka ili uone. Ufunguo uliingia hadi mwisho. Ukazunguka. Upinde ukaruka juu kwa mlio mdogo ambao, kwa ukimya uliokuwepo, hata waliokaa madirishani waliusikia.

"Kwa nini hukuitupa?" Raphaël alimuuliza Fabien, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Fabien alikaa chini. "Ilikuwa kadena nzuri," alisema.

Mengine aliyatoa mwenyewe, kidogo kidogo, huku Raphaël akiandika. Wachezaji wote watano aliwaleta yeye. Guy alikuwa ndugu wa mkewe. Wengine wanne walikuwa ndugu na wakwe wa wanakamati wanne, na kila mmoja aliletwa ili mwanakamati wake ampigie Fabien kura ya urais. Vijana waliachiwa ili nafasi zipatikane. Timu ilipoanza kufungwa alienda redioni kuwalilia mashabiki, lawama zimwendee Jacques. Mpango ulikuwa unakwenda vizuri mpaka mashabiki walipodai majalada. Maneno ya Aloys juu ya ukuta yalimpa mtu wa kubeba mzigo.

"Nilitaka kuiongoza hii timu," alisema. "Nilikuwa naipenda."

"Uliipenda kama depo yako," mzee mmoja alimjibu, na hakuna aliyecheka.

Walipokwisha kumtoa, Jacques alisimama bila kuitwa. Alisema kwamba alitia sahihi majalada yote matano bila kusoma hata moja, kwa kuwa alimwamini makamu wake, na kwamba mtu asiyesoma anachosaini hafai kuongoza. Alitoa funguo zake mfukoni akaziweka mezani. Safari hii hakuna aliyemzomea. Wanakamati wanne walijaribu kutoka kwa mlango wa nyuma, wakakuta umezibwa na akina mama wauza mboga, ambao waliwarudisha kwenye viti vyao kwa heshima zote.

Saa kumi na dakika ishirini Aloys aliingia, ameachiwa huru, ndevu zimeota. Vijana walimbeba juujuu mpaka mbele, akigonga taa kwa kichwa. Wimbo wa Radi ulipigwa hapo kwa miguu na kwa viti, vumbi likapanda, padri akaja kuchungulia kuna nini naye akabaki.

Kisha wakapiga kura, kwa mikono iliyoinuliwa. Kuanzia siku ile hakuna mchezaji atakayeingia wala kutoka bila jalada lake kusomwa na kamati ya watu watano, watatu wao mashabiki. Aloys alichaguliwa. Anaclet alichaguliwa. Lilipotajwa jina la Madeleine, mikono iliinuka mingi hata Raphaël, aliyeombwa kuhesabu, aliacha katikati akaandika tu: wote.

Madeleine alikwenda mezani na kukaa kwenye kiti kilichokuwa cha Fabien. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Bintu, muuza vitenge, alikuwa wa kwanza kuuliza swali.

"Kamati, Ulrich anarudi lini?"

Anaclet alieleza kwamba kijana hakuwa amepata timu nyingine, kwamba alikuwa nyumbani kwao Kadutu, na kwamba barua ya kumwita ingeweza kuandikwa wiki ijayo.

"Wiki ijayo ya nini?" Madeleine alisema, akisimama. "Umeme umerudi tangu asubuhi. Tuende."

Wakatoka wote, ukumbi mzima, wakashuka barabarani wakiimba, pikipiki zikisimama kuwapisha, mpaka mbele ya duka. Madeleine aliketi kwenye mashine, watu wamejazana mlangoni na dirishani, kila mmoja akimpa neno lake la kuweka. Aliyasikiliza yote. Kisha akaandika barua ya mistari mitatu, akaisoma kwa sauti, na saa kumi na mbili kasoro dakika tano watu mia nne wa Radi wakaanza kupanda mlima wa Kadutu kwenda kumpelekea Ulrich barua yake.