Mbuzi Sita kwa Redio Moja

Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, mkulima wa Bugarama, wilaya ya Ngara. Nina kahawa kidogo, migomba, na wajukuu wanaonisumbua. Mume... ninaye na sina. Mtanielewa mbele ya safari.

Mwezi uliopita binti yangu Imakulata alinijia kutoka Biharamulo na begi lake. Kamwacha mume! Kisa? Kompyuta! Mumewe alinunua kompyuta dukani akamtajia bei. Binti akapekua kwenye simu, akaiona ile ile inauzwa nje ya nchi kwa karibu nusu. Akanijia juu: "Mama, hiyo nusu nyingine kampa mwanamke gani?"

Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, wakati wa vita vya Kagera, yeye akiwa mtoto wa mgongoni! Nilimkalisha chini nikamweleza yote bila kuficha. Kesho yake alipanda gari akarudi kwake. Sasa na ninyi wasomaji wenzangu, nisikilizeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa. Zamani kwetu kila mji ulikaa ndani ya migomba yake, jirani humwoni mpaka umfuate. Kijijini tukapangwa kwa mstari, mlango kwa mlango. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Leokadia.

Leokadia alikuwa mjane, amekimbilia kwetu kutoka Burundi miaka michache nyuma. Mrefu, mweusi wa kung'aa, ana mwanya, na kicheko chake ukikisikia na wewe unacheka. Alinipenda. Nilipojifungua Imakulata ni yeye aliyenipikia uji na kunifulia nguo.

Lakini mimi na wivu wangu! Mume wangu Venanti alipomsaidia kuezeka nyumba, nilihesabu muda aliokaa juu ya paa lile. Akimsalimia, nachungulia. Akicheka naye, nasukuma sahani pembeni. Hakuna nililowahi kuliona, jamani. Hakuna! Ila roho ilikuwa ikiniuma tu.

Vita vilipoanza, kila mtu alitaka habari. Venanti akasema na sisi tununue redio. Mimi nikatoa mbuzi wangu sita. Mbuzi hao baba yangu alinipa nilipoolewa, ndiyo mali pekee niliyoweza kuiita yangu. Venanti akawapeleka mnadani, akapitiliza hadi duka la Ngara mjini, akarudi na redio yenye mfuko wa ngozi na kitufe chekundu. Hata senti haikurudi.

Sikujali. Kila jioni watu walijaa uani kwangu kusikiliza taarifa ya habari. Wazee walinipisha kiti! Nilijiona mke wa mkuu wa wilaya.

Haikupita miezi miwili, nikasikia muziki kutoka mlango ule unaotazamana na wangu.

Leokadia alikuwa na redio. Mfuko ule ule wa ngozi, kitufe kile kile chekundu! Nikajikaza, nikamuuliza kwa sauti ya kirafiki ameipata wapi. Akasema shangazi yake amemnunulia ng'ambo, Burundi.

"Bei yake si kubwa, mwenzangu," akaniambia. "Kama mbuzi wawili tu hivi."

Wawili! Moyo ulinipasuka paa! Redio moja, kiwanda kimoja... yangu mbuzi sita, yake mbuzi wawili? Bei gani hiyo ya kuvuka mto tu? Nilipiga hesabu yangu ya wivu nikapata jibu: mbuzi wangu sita walinunua redio mbili. Moja kaniletea mimi, nyingine kampa hawara wake. Na cha juu wamekula nyama!

Venanti aliporudi shambani nilimvaa. Mbuzi sita wote wameingia kwenye redio moja? Akaniambia bei ya dukani ndiyo hiyo. Mbona ya Leokadia ni wawili? Akacheka.

"Mke wangu, nenda Ngara ukamuulize muuzaji. Mimi sikutengeneza redio."

Kile kicheko ndicho kilichoniua. Angekasirika labda ningemwamini. Kwa nini sikwenda kuuliza? Ngara mjini ni mwendo wa asubuhi tu! Badala yake nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Nilimwamkia shikamoo, nikakaa, nikasema uongo ambao mpaka leo naona aibu kuutaja. Nilisema Leokadia ana redio ya magendo. Nikaona haitoshi. Nikasema anasikiliza matangazo ya adui, na wageni wanamjia.

Wakati wa vita! Kumsema mkimbizi maneno kama hayo wakati wa vita!

Mgambo walikuja mchana kweupe. Wakabeba redio, wakambeba na yeye mpaka Ngara mjini. Alipopita mbele ya mlango wangu aliniomba nimwangalizie kuku wake. Hakujua! Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Furaha yangu haikumaliza siku. Venanti aliposikia aliacha jembe pale pale, akaenda Ngara kumtetea. Mimi nikaona ndiyo ushahidi wenyewe huo! Nikamfunga mtoto mgongoni, nikawafuata. Nilitaka muuzaji aitwe aseme mbele ya wakubwa wa wilaya mume wangu alinunua redio ngapi.

Akaitwa kweli. Mzee mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikapayuka pale: redio ya mbuzi wawili inauzwaje mbuzi sita?

Mzee hakukasirika. Akanieleza kama anavyofundisha mtoto. "Mama, redio hizi hazitengenezwi hapa. Zinatoka ng'ambo ya bahari. Zikishuka Dar es Salaam zinalipiwa ushuru. Zinapanda treni mpaka Mwanza, zinapanda meli mpaka Bukoba, zinapanda lori mpaka kwetu, na kila anayezibeba anataka chake. Halafu fedha za kigeni za kuziagizia ni chache, na vita hivi ndiyo kabisa. Nikiletewa tatu, wanaozitaka ni hamsini. Wenzetu wa ng'ambo ushuru wao ni mdogo na mizigo yao ni mingi. Mumeo alinunua moja, kwa bei ambayo kila mtu ananunua. Hukujua?"

Sikujua! Sikuwahi hata kuuliza!

Wakubwa waliangua kicheko. Venanti hakucheka, na Leokadia hakucheka. Aliniangalia, akauliza taratibu, "Kumbe ni wewe?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Walimwachia siku ile ile, redio wakabaki nayo. Lakini sifa ya mtu ikishapakwa matope nani ataisafisha? Kijijini watu waliacha kuteka maji pamoja naye. Wiki haikuisha, akafunga mizigo akahamia Biharamulo. Kuku wake aliniachia mimi. Hakunitukana hata neno moja.

Vita vilipokwisha, dhamira ilinitafuna. Kwetu aliyemkosea mwenzake hupika pombe ya ndizi, akaipeleka yeye mwenyewe. Akifika wanakunywa kibuyu kimoja, yamekwisha. Nikavundika ndizi, nikakamua, nikapika pombe nzuri kuliko zote nilizowahi kupika.

Kwenda... nikashindwa. Nitamtazamaje usoni? Niliona haya. Nikamwomba Venanti aipeleke, aniombee msamaha. Akaniambia msamaha hauombwi kwa kutumwa mtu. Nikalia, nikambembeleza siku tatu. Akaenda.

Alirudi akasema Leokadia amekunywa, ila angependa kuniona mimi. Nikasema nitakwenda baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Nikamtuma tena, na kibuyu kingine. Safari hiyo alikaa wiki. Ya tatu... hakurudi.

Amezaa naye watoto wanne. Yuko Biharamulo hadi leo, mzee wa mkongojo, na Leokadia ndiye anayempikia. Talaka hakunipa, kanisa halina talaka. Ndiyo maana nikasema ninaye na sina.

Msiniambie walikuwa na uhusiano tangu zamani. Nimewauliza wote wawili, uzeeni, hakuna sababu ya kunidanganya tena. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Mimi ndiye niliyekitengeneza!

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Ukiona bei imekuzidi kichwa, nenda dukani ukaulize kabla hujamtafutia mwenzako hawara. Na ukimkosea mtu, miguu ya kwenda kuomba msamaha iwe yako. Mimi nilikaa nyumbani kwa haya, nikampikia mume wangu pombe, nikamfungia na chakula cha njiani, nikamsindikiza mpaka barabarani.