Pipa la Kumi na Saba

Mapipa yalipaswa kuwa arobaini na mawili. Yalikuwa arobaini na moja, na wageni walikuwa wameshavaa makoti meupe.

Walikuwa wazabuni sita, waliokuja kukagua ghala la taka za mionzi nje kidogo ya Kilolo. Serikali ilikuwa inatafuta mkandarasi wa kuzisindika taka hizo na kuziondosha moja kwa moja. Zilibaki pale kituo cha utafiti wa kilimo kilipofungwa: glavu, matambara, vioo na maji ya maabara. Wataalamu waliziita taka hafifu. Wanakijiji waliahidiwa kwamba zingekaa miezi sita. Zilikaa miaka kumi na tisa.

Inspekta Asukile Mwaisaka alifika Jumatatu saa tatu asubuhi, akitokea Iringa mjini. Alikuwa mtu wa Rungwe, mpelelezi hodari, mwepesi wa miguu na mzito wa kusikia ushauri. Kasoro hiyo alikuwa anaijua na alikuwa ameshajisamehe.

Ghala lote lilinukia rangi. Ndiyo kawaida yetu: mgeni akitangazwa, rangi inanunuliwa. Mawe ya njiani yalikuwa yamepakwa chokaa, sakafu rangi ya kijivu, na mapipa yote, ya zamani na mapya, yalikuwa ya manjano kama ndizi mbivu. Lebo zao zilikuwa zimefunikwa na rangi hiyo hiyo.

"Nani amegundua wizi?"

"Mimi, afande."

Aliyejibu alikuwa mtunza ghala, Liberatus Kikoti, mzee mwembamba mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa na kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

"Pipa uliliona mara ya mwisho lini?"

"Jana jioni. Nilifunga mwenyewe."

"Kufuli?"

"Limekatwa. Nadhani kwa msumeno wa chuma."

"Ulisikia kelele?"

"Hapana, afande. Kwangu ni mbali kidogo."

"Unamshuku mtu?"

Mzee alitazama chini. "Simshuku mtu. Ila naomba mlitafute, afande. Litafuteni haraka."

Asukile alilipenda jibu hilo. Aliona ni jibu la mtumishi mwenye uchungu na kazi yake. Konstebo Samwel alipiga picha za mlango, kufuli, sakafu na safu za mapipa.

Mtaalamu wa mionzi aliyekuja na wazabuni aliitwa Amna, binti wa wafanyabiashara wa Mbeya, mwenye mtandio wa bluu na kipima mionzi begani. Alimvuta inspekta pembeni.

"Nimesoma namba kwenye vifuniko. Lililokosekana ni kumi na saba," alisema.

"Lina nini ndani?"

"Halina kitu."

"Sasa tunahangaikia nini, dada yangu?"

"Lilikuwa na maji ya maabara. Mwaka juzi tuliyahamishia pipa jingine. Lakini mabaki yake yalishaganda kwenye kuta za pipa. Taka si kilichomo tu, afande. Pipa lenyewe ni taka."

"Linaua?"

"Ukipita karibu, hapana. Ukinywea siku baada ya siku, siwezi kukuapia. Mtoto mdogo ndiyo kabisa." Alisita kidogo. "Pipa tupu, safi, lina rangi mpya. Mimi ningeanza na nyumba za hapa hapa. Watu watatia maji."

"Mwizi anayekata kufuli kwa msumeno hatii maji," Asukile alisema. "Huyo anauza chuma. Na chuma chote cha barabara hii kinaishia Igawa."

Alikuwa na uhakika wote wa mtu ambaye hajakosea kwa muda mrefu. Walipokuwa wanapanda gari, Liberatus aliwakimbilia.

"Mnakwenda Igawa, afande?"

"Ndiyo. Una la kuongeza?"

Mzee alitazama upande wa nyumba za kijiji. "Hapana. Nilitaka kuomba ruhusa tu. Nina msiba kwa jirani, kesho tunaanua matanga."

"Nenda, mzee wangu. Pole sana."

Igawa si jirani na Kilolo. Siku nzima ilikwisha barabarani. Habibu, mnunuzi wa chuma chakavu, aliwapokea kwenye uwanja wake uliojaa injini na mabati, akawafungulia kila kona bila kuombwa.

"Pipa la manjano, limeletwa leo au jana," Asukile alisema. "Liko wapi?"

"Sijaliona."

"Unajua nikilikuta itakuwaje?"

"Pima mwenyewe, inspekta. Mapipa ninayo ishirini."

Samwel alipitisha kipima mionzi alichoazimwa na Amna. Kilikaa kimya pipa hadi pipa.

"Nikuambie kitu, bila ubaya?" Habibu alisema. "Miaka kumi na miwili nanunua chuma. Chenye rangi mpya sinunui, na mwizi mwenye akili haniletei. Mtu hachukui pipa la rangi mpya aje kulikatakata. Analitumia."

Ilikuwa mara ya pili siku ile Asukile kuambiwa jambo hilo hilo, na kwa mara ya pili hakulitilia maanani. Baadaye alikuja kujilaumu sana kwa hilo. Aliandika jina la Habibu kwenye jalada la uchunguzi, akamwonya asitoke Igawa, akarudi Iringa akiwa ameridhika bure.

Jumanne asubuhi alikuwa mezani kwake, chai mkononi, akizipitia picha za Samwel. Kwenye picha ya sita alisahau chai.

"Samwel, njoo hapa. Unaona nini?"

"Sakafu, afande."

"Tazama chini ya mapipa haya waliyoyasogeza wageni."

"Kuna mduara. Rangi imebonyea."

"Kwa sababu sakafu ilipakwa rangi, na mapipa yakarudishwa kabla haijakauka sawasawa. Kila pipa limeacha muhuri wake. Sasa tazama nafasi ya namba kumi na saba."

Samwel aliinama. Sehemu ile ilikuwa laini na safi, haina alama.

"Halikurudishwa ndani," alisema polepole.

"Halikurudishwa. Sasa lingeibiwaje Jumapili usiku kutoka mahali ambapo halikuwepo?" Asukile alisimama. "Picha hizi zimo kwenye simu yako tangu jana. Tumezibeba mpaka Igawa na kurudi. Mpigie Amna. Twende."

Walimkuta Liberatus ofisini kwake, chumba kidogo kando ya ghala. Alikuwa amevaa koti la msibani.

"Mzee Kikoti, mapipa yalipakwa rangi lini?"

"Jumatano. Uwanjani, kwa nje."

"Sakafu?"

"Alhamisi."

"Mapipa yakarudi ndani lini?"

"Ijumaa asubuhi."

"Yote?"

Mzee alianza kupanga karatasi za mezani.

"Nakuuliza tena. Namba kumi na saba lilirudi ndani?"

"Hapana."

"Lilitoka lini?"

"Alhamisi jioni."

"Nani alilitoa?"

Liberatus alivua kofia yake, akaiweka mezani taratibu. "Mimi, afande."

Asukile alimsomea haki zake na kumweleza kwamba yote atakayosema yataandikwa kama maelezo ya onyo. Samwel alifungua daftari.

"Liko wapi sasa hivi?"

"Kwa Devotha. Kwenye msiba wa mama yake, Bibi Bertha. Alifariki Alhamisi. Kaka yake Devotha, Eliezeri, akaja kuniomba pipa la maji ya waombolezaji."

"Ukampa pipa la mionzi?"

"Sikujua!" Sauti yake ilipasuka. "Tulikuwa tumeletewa mapipa matatu mapya, ya kazi ya mkandarasi. Vijana wakayapaka rangi na yale ya zamani, yote uwanjani, lebo hazionekani. Nililoshika lilikuwa jepesi, tupu. Nikajua ni jipya. Nikalisuuza, nikampa."

"Ukajua lini?"

"Jumamosi, nilipokuwa naandika namba upya kwenye vifuniko. Mapya yote matatu yalikuwa ndani. Kumi na saba halipo."

"Jumamosi. Leo ni Jumanne. Kwa nini hukulifuata?"

"Afande, wewe ni mtu wa nyanda hizi hizi. Chombo cha msiba kinadaiwa kabla ya kuanua matanga?"

"Hakidaiwi. Lakini hiki kilikuwa sumu."

"Ndiyo." Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Ndilo neno lenyewe. Miaka kumi na tisa wananiita mzee wa sumu. Nikienda msibani na unga, unapokelewa, unawekwa pembeni, haupikwi. Mke wangu alipokufa watu walikuja, hawakula kwangu hata punje. Nawaelewa. Mimi kila mwaka nawaambia, jamani, ghala ni salama, mimi mwenyewe si mzima? Hawanisikii. Alhamisi ndiyo mara ya kwanza mtu amekuja mlangoni kwangu kuniomba kitu. Mara ya kwanza, afande. Nikaona leo na mimi nimekuwa mtu."

Samwel aliacha kuandika.

"Kisha niende niseme ni kweli, ni sumu? Mbele ya marehemu? Nilishindwa. Nilikwenda pale Jumamosi kulisema, nikashindwa. Jumapili vile vile. Nikaanza kunywa na mimi maji yale, vikombe viwili, vitatu. Kwamba kama ni kufa, tufe wote."

"Na kufuli?"

"Nililikata mwenyewe. Nilifikiri nikisema limeibiwa, polisi watapekua kijiji, watalikuta, watalibeba wao. Nyinyi mkaenda Igawa."

Asukile alihisi maneno hayo yakimchoma. Hasira yake, iliyokuwa yote ya mzee, iligawanyika katikati, na nusu ikarudi kwake mwenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema kweli. Lakini mkunga naye alikuwa ameambiwa mlango, akaenda kubisha wilaya nyingine.

"Inuka, mzee. Twende ukalionyeshe."

Nyumba ya Devotha ilikuwa hatua mia tatu kutoka ghalani. Watu walikuwa wamejaa uani, na wanawake walikuwa wanakoroga uji kwenye masufuria matatu. Pipa la manjano lilikuwa kivulini, kata ikiwa imelala juu ya kifuniko.

"Kamwene," Asukile alisalimia, kwa Kihehe chake cha kuazima. "Poleni na msiba. Naomba hayo maji yasiguswe."

Amna alipita katikati ya watu na kipima mionzi. Kilipokaribia pipa kilianza kulia, tiki kwa tiki. Alilizunguka, akasoma kioo, akasoma tena, kisha akaomba uji wote umwagwe shimoni na shimo lizungushiwe uzio.

Devotha alikuwa amekaa mkekani, kanga nyeusi kichwani, mjukuu wa mwaka mmoja mapajani. Aliyasikiliza maelezo yote bila kukatiza.

"Huyu mtoto amekunywa uji wa maji hayo siku tano," alisema. "Atakufa?"

"Kiwango ni kidogo, mama," Amna alijibu. "Siamini kama kutatokea jambo. Lakini itabidi mpimwe wote Mbeya, yeye wa kwanza, na tutamfuatilia miaka."

"Yaani hujui."

"Sijui, mama. Ningekuwa najua ningekuambia."

Amna aliinamisha kichwa. Yeye ndiye aliyesema mapema pafaapo kutafutwa, na bado alikuwa na macho ya mtu aliyekosa.

Devotha alimgeukia Liberatus, aliyekuwa amesimama kati ya polisi wawili. Asukile hakuwa amemfunga pingu. Alijiambia ni kwa heshima ya msiba.

"Jumapili ulikuja hapa, baba."

"Nilikuja."

"Ukamshika huyu mtoto kichwani. Alikuwa anakunywa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Liberatus alimtazama mtoto. "Nilikuwa najua, mwanangu. Niliogopa mtasema mlikuwa mnajua siku zote kwamba mimi..."

Minong'ono ilianza uani. Mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye alikataza tangu Alhamisi, vyombo vya mzee yule visiguswe. Mwingine akaitikia. Devotha aliinua mkono wakanyamaza.

"Ni kweli walinikataza," alimwambia Liberatus. "Mimi ndiye niliyemtuma Eliezeri. Niligombana nao hapa hapa, marehemu yuko ndani. Nikawaambia, yule ni mwenzetu, mbona tunamtenga?"

Mzee alianza kulia, mikono imelegea ubavuni, bila kuyafuta machozi. Asukile alitazama kando. Alikuwa amesikia maungamo mengi, ya wauaji na ya majambazi, na mara nyingi alitoka akiwa amefurahi. Safari hii alitamani angekuwa amepatia jana, pipa likakutwa Igawa, na Habibu akawa mwizi.

"Jumamosi ungenifuata jikoni," Devotha alisema. Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Ungeninong'oneza tu, baba. Ningeyamwaga. Wakiniuliza, ningewaambia pipa limetoboka."

Liberatus aligeuka, akaenda kwenye gari la polisi mwenyewe, akapanda.